Vijiti vya Baba Mkwe

Kijiwe chetu kiko barazani kwa duka langu la kushona, hapa Kasulu, na benchi lenyewe ni ubao wa mninga ambao Venanti seremala aliuranda mwaka juzi, wa sabini na tatu, akapiga msasa upande mmoja tu akachoka. Wenyeji tunakaa upande laini. Mgeni hukaa ule mwingine na huondoka na kibanzi. Venanti tunamwita Msumari, na ana ugonjwa wa methali: anazijua nyingi, ila hajui zinapokwenda. Mwalimu Longinus, mtu wa Mahenge aliyeletwa huku na serikali, ni Kamusi. Khatibu wa Tanga, karani wa ofisi ya wilaya, ni Faili. Hamis muuza kahawa anatoka Ujiji na hana jina la utani, kwa sababu ndiye mwenye buli na hakuna anayetaka kumkasirisha. Mimi Kipriani naitwa Uzi. Wanasema maneno yangu hayakatiki, nami nasema bora uzi usiokatika kuliko msumari unaopinda.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, vumbi jekundu limetulia kidogo kwa umande, alikuja Immakulata, mama Esteri. Alikuwa ametoka Makere, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa miguu tangu jana yake. Tulimfahamu kupitia mumewe, aliyekuwa akileta maharage sokoni. Wote walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Mumewe alifariki mwezi wa tatu. Mkononi alikuwa na karatasi ya lile shirika linalotafuta watu waliopotezana wakati wa kukimbia, imepigwa chapa kwa Kiingereza na Kifaransa, amekwisha kuikunja mara nyingi hata imelainika kama kitambaa.

Gari la kuzichukua karatasi hizo hupita mara moja kwa miezi mitatu, likitoka Kibondo kwenda Kigoma. Lilikuwa lipite siku hiyo, saa sita.

Kamusi: Kaa, mama Esteri. Hamis, mpe kikombe. Unamtafuta nani?

Immakulata: Databukwe.

Msumari: Baba mkwe. Baba wa marehemu.

Kamusi: Yuko wapi?

Immakulata: Tuliachana naye mtoni, usiku wa kuvuka. Mwaka jana mtu alisema amemwona upande wa Zaire, mzima. Mume wangu hakutaka karatasi. Alisema atakwenda mwenyewe kumtafuta, akiisha kuvuna. Sasa mzee hajui. Anamngoja mtoto ambaye nimemzika.

Hapo hata Hamis aliacha kupuliza mkaa. Kamusi akatoa kalamu yake, akaifunua karatasi juu ya goti.

Kamusi: Basi leo itakwenda. Jina tutajaza mwisho, jina halina shida. Hapa penye uhusiano ndipo penye kazi. Baba mkwe kwa Kiingereza ni maneno matatu.

Akaandika *father*. Kalamu ikasimama hewani.

Faili: Umekwama.

Kamusi: Sijakwama. Nafikiri. Hapa katikati kuna vijiti.

Hamis: Vijiti vya nini?

Kamusi: Vistari vidogo vya kulala, vya kuunganisha maneno. *Father*, kijiti, *in*, kijiti, *law*. Ila kuna vitabu vinaviweka na kuna watu hawaviweki. Sitaki kukosea karatasi ya mjane.

Immakulata: Ya Josepha, jirani yangu, ilirudi.

Kamusi: Ilirudi?

Immakulata: Ilirudi kutoka huko huko kwa Wazungu. Ina wino mwekundu.

Kamusi: Mmeona. Nimefundisha miaka kumi na moja, najua wino mwekundu unatafuta nini. Unatafuta kijiti.

Nami nakiri tuliingiwa na hofu, kisha hofu ikageuka udadisi, na udadisi kwenye kijiwe chetu ni kama moto kwenye nyasi za Agosti. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba Kiingereza, lugha ya watu waliotawala nusu ya dunia, inashikiliwa na vijiti.

Msumari: Mimi ni seremala, acheni niseme. Mbao mbili zikikutana, zina njia tatu. Unaweza kuziweka tu jirani. Unaweza kuzipigia kiungo kwa nje. Au unazichonga zikaingiana, huoni zilipokutania. Kijiti ni kiungo cha nje. Mchukuza mbao mbali haogopi masafa.

Faili: Hiyo methali haipo.

Msumari: Haipo Tanga.

Faili: Lakini kwenye kiungo nakuunga mkono, maana ofisini nina majalada ya zamani, ya wakati wa Mwingereza. Ile *today*, yaani leo, zamani waliiandika *to*, kijiti, *day*. Na kesho hivyo hivyo. Nimeziona kwa macho yangu, zimepigwa taipu na bwana mkubwa mwenyewe. Siku hizi kijiti hakipo. Maneno yameshikana.

Hamis: Kimekwenda wapi?

Faili: Hicho ndicho ninachojiuliza. Naona ni uchumba. Kwanza maneno mawili yanakaa mbalimbali, kila moja kwao. Wakianza kuonekana pamoja, wanawekewa kijiti, huo ni uchumba. Wakizoeleka, watu hawashtuki tena, kijiti kinaondolewa, wanalala nyumba moja.

Kamusi: Si vibaya. Si vibaya hata kidogo.

Hamis: Basi nielezeni. Baba mkwe ni neno la zamani kuliko hiyo leo na kesho. Wazungu wanaoana tangu Adamu. Kwa nini mpaka sasa bado mchumba?

Hamis akatumiminia duru ya pili, amejaa furaha ya mtu aliyeuliza swali lenye mfupa.

Hamis: Mimi nitawaambia. Hivyo si viungo, ni uzio. Mkwe na mkwe hawakaribiani. Hata sisi, ukimwona mama mkwe wako njiani unapita porini. Mzungu hana pori la kupitia, basi ameweka uzio ndani ya neno. Baba, uzio, ndani, uzio, sheria. Na kumbukeni uko mara mbili. Mmoja usingetosha.

Msumari: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kamusi: Hapo methali imekaribia.

Msumari: Na hiyo sheria imeingiaje? Kwa nini baba mkwe ana sheria na shangazi hana?

Faili: Kwao baba mkwe anapatikana bomani. Kuna cheti.

Msumari: Kwetu anapatikana kwa ng'ombe na majembe.

Faili: Basi kama Kiingereza kingekuwa cha Waha mngeandika *father*, ng'ombe, jembe.

Tulicheka, na mama Esteri naye alitabasamu, ila macho yake yalikuwa barabarani. Jua lilikuwa limefika kwenye bati la duka la jirani, ndiyo saa nne na nusu kwa saa yetu ya kijiweni.

Kamusi: Nisikilizeni, kuna kanuni. Nilifundishwa chuoni. Maneno mawili yakitangulia mbele ya jina kulisifu, yanafungwa kijiti. Mtu anayejulikana sana: *a well-known man*, kuna kijiti. Lakini ukisema mtu huyu anajulikana sana, sifa zikafuata nyuma, *the man is well known*, kijiti hakuna.

Msumari: Maneno yale yale?

Kamusi: Yale yale.

Msumari: Mtu yule yule?

Kamusi: Yule yule.

Msumari akaitazama kanuni hiyo kichwani mwake kama anavyotazama ubao uliopinda.

Msumari: Ni ng'ombe. Sasa nimeelewa. Ng'ombe wanaotangulia mbele yako unawafunga pamoja, maana watatawanyika kwenye mashamba ya watu. Wale uliokwisha kuwapitisha, wanafuata nyuma, huna haja ya kamba. Wanajua wanakokwenda.

Baadaye Kamusi aliniambia kwamba katika miaka kumi na moja hajawahi kusikia kanuni hiyo ikielezwa vizuri hivyo, na kwamba aliifundisha darasani wiki iliyofuata, ng'ombe na yote.

Faili: Na hesabu? Ishirini na moja ina kijiti, *twenty-one*. Ishirini peke yake haina.

Hamis: Ishirini ni mtu mzima, anasimama mwenyewe. Moja ni mtoto, anashikwa mkono.

Faili: Na mia moja je? Mbona mia na moja hawashikani?

Hamis: Mia ni tajiri. Tajiri hashiki mkono wa mtu mmoja.

Hapo nikaacha cherehani kabisa. Suruali ya mwalimu mkuu ilikuwa mguu mmoja, ikabaki mguu mmoja. Niliwaambia ninavyoona mimi: kijiti ni mshono wa kupigia bandi, ule wa uzi mrefu unaoushonea nguo kwanza ili ikae, mteja aje aijaribu. Ikimkaa, unapiga cherehani na bandi unaifumua. Leo na kesho zimekwisha kupigwa cherehani. Baba mkwe bado yuko kwenye bandi kwa sababu mteja hajaja kumjaribu.

Faili: Mteja nani?

Sikuwa nimefika huko. Nikasema samaki mkunje angali mbichi, Msumari akalalamika kwamba nimemwibia.

Tukaendelea hivyo. Hamis alifika mahali pa kusema kwamba Wazungu walipogawana Afrika walitumia vijiti vile vile, na ndiyo maana Waha wako huku na jamaa zao Warundi wako kule, na mto katikati si mto ila ni kijiti kilichosahauliwa kuondolewa. Kamusi alisema hilo halimo katika kanuni. Mama Esteri akauliza swali moja.

Immakulata: Mwalimu. Hivyo vijiti vikikosekana, hayo maneno yanaachana?

Kamusi: Hayaachani, mama. Yanaonekana tu kama watu wasiohusiana.

Immakulata: Basi viweke.

Kamusi akaviweka. Viwili, vya wino wa buluu, vifupi, alivipima kwa jicho kama Msumari. *Father-in-law*. Tukapitishiana ile karatasi kila mtu avione. Nakumbuka tulijisikia watu wa maana sana.

Land Rover ikasimama mbele ya baraza saa sita kasoro. Dereva alikuwa Bazilio, mtu wa Kitahana, wa maneno machache, na hakuzima injini. Hamis akamkaribisha kahawa, Msumari akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiweka methali mahali pake, ingawa hakuna aliyejua hivyo wakati ule. Bazilio alikaa upande wenye vibanzi. Akaipokea karatasi, akaisoma kuanzia juu, kama watu wote wanavyosoma.

Bazilio: Jina lake nani?

Kamusi: Immakulata. Nimeliandika hapo.

Bazilio: Huyo ni anayetafuta. Anayetafutwa jina lake nani?

Tukamtazama mama Esteri sote. Naye alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja pindo la kitenge kwa vidole.

Kamusi: Mama, jina la mzee.

Akaendelea kukunja pindo.

Kamusi: Amesahau?

Nilimtazama Msumari, naye alikuwa ananitazama mimi. Sisi wawili ni Waha. Tumezaliwa na mama ambao hawakutaja jina la baba mkwe wao hata siku moja, mpaka wanaingia kaburini. Marehemu mama yangu alimwita babu "mwenye nyumba", na siku nyumba ilipoungua babu akiwa ndani, mama alipiga kelele "mwenye nyumba anaungua", majirani wakadhani ni baba. Kinywa cha mke hakilitaji jina lile. Tulilijua hilo kabla hatujajua kutembea. Na tangu asubuhi tumekaa tunagombea vijiti.

Msumari: Hakusahau, Mwalimu. Hawezi kulitaja. Ni mwiko.

Bazilio: Hii ni ya nane. Zilirudi saba za Makere, zote za wanawake. Zote mahali pa jina peupe. Wanaweka alama nyekundu pale pale, wanarudisha.

Kamusi akaitazama kalamu yake.

Kamusi: Basi tuandike la ukoo. La mwisho la mumewe.

Msumari: Halipo. Huku mtoto hapewi jina la baba. Kila mtu ana lake.

Faili: Jirani wa kwao, mtu wa kilima kimoja?

Immakulata: Wa kilima chetu walipelekwa Tabora. Esteri alikuwa mdogo, alimwita Sokuru tu, yaani babu. Aliyelijua ni mwenyewe, naye amekufa.

Faili: Huendi kisomo cha watu wazima? Ungeliandika.

Immakulata: Nimefika herufi ya K. Na kuliandika ni kulitaja kwa mkono.

Bazilio alimaliza kikombe, akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba Kigoma wanafunga ofisi saa tisa, na safari ijayo ni mwezi wa kumi na moja. Mama Esteri naye akasimama, akanyoosha mkono aichukue karatasi yake. Hakulia. Alitushukuru kwa kahawa, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Immakulata: Masikio yangu hayana mwiko.

Msumari: Unasemaje, mama?

Immakulata: Nasema siruhusiwi kulitaja. Kulisikia nimelisikia miaka mingi.

Akakaa tena. Ilichukua muda kidogo kutuingia, kisha tukalipuka. Msumari akaanza na Bigirimana, mimi nikaingia na Nzeyimana, Hamis akataja majina ya wateja wake wote wa Kirundi tangu Ujiji, Kamusi akataja ya wanafunzi wake, na kwa kuwa hatujawahi kusema mmoja baada ya mwingine tangu kijiwe kianze, tulisema wote pamoja. Katikati ya kelele hizo mama Esteri akavuta kitenge, akajifunika kichwa.

Bazilio: Ni lipi hilo?

Tukatazamana.

Bazilio: Nani amelitaja?

Msumari alisema si yeye. Hamis alisema huenda ni yeye, ila hakumbuki alikuwa amefika wapi. Mimi nilijua nimetaja majina kama kumi, na singeweza kuapa hata kwa matatu. Tulikuwa tumelipata jina la mzee yule, na tukalipoteza kwa midomo yetu wenyewe.

Bazilio alikwenda kwenye gari. Tulidhani anaondoka. Akaingiza mkono dirishani akazima injini.

Bazilio: Anzeni tena. Mmoja mmoja.

Faili: Ngojeni. Nyamazeni wote. Mwaka juzi nilinakili kwa mkono orodha ya watu wa Makere, mara tatu, kwa sababu mashine ilikuwa imeharibika. Ninayo kichwani; mzee mwenyewe hayumo, ila majina ya Warundi hujirudia. Nitakwenda kwa herufi.

Alifumba macho, mikono juu ya magoti. Akaanza na B. Barutwanayo. Bigirimana. Bucumi. Baada ya kila jina alingoja, nasi tukangoja, tunamtazama mama Esteri aliyekuwa ameshusha kitenge na kukaza macho kwenye ubao. Akaja K, Karenzo na wenzake. Akaja M. Alipofika N, Hamis alitikisa kichwa, kwa maana Warundi nusu nzima wanaishi kwenye herufi hiyo. Ndayizeye, Nduwayo, Niyonzima, Ntahomvukiye, yanakwenda tu. Buli likakauka hapo, kwenye N, na hakuna aliyedai. Akikwama, Msumari alimtupia la Kiha linalofanana, kwa sauti ndogo, na kusubiri zamu yake kama mtu wa kanisani.

Majina yalikuwa yamepita sitini nilipoona mkono wa mama Esteri ukienda kwenye kitenge. Faili, macho amefumba, alikuwa amekwisha kutaja mengine mawili. Nikamgusa goti.

— Rudi nyuma mawili, nikamwambia.

Akafumbua macho. Akarudi, akalitaja polepole. Mama Esteri alikuwa amejifunika mpaka usoni. Hakuitikia. Hakuhitaji.

Kamusi aliliandika pale pa juu kwa herufi kubwa, akapuliza wino. Bazilio akasoma tena kuanzia mwanzo, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, wala si kwenye bahasha na nyingine. Alipokuwa anapanda gari mama Esteri akamfuata Mwalimu.

Immakulata: Mwalimu, na vile vijiti vimebaki?

Kamusi: Vimebaki, mama. Vyote viwili.

Immakulata: Basi.

Gari likaondoka na vumbi lake. Tulikaa bila kahawa, hakuna mwenye nadharia.

Mtaniuliza jina lenyewe ni lipi. Ninalijua, na hata sasa ningeweza kuwaandikia. Lakini Esteri yuko darasa la tano, na karatasi yoyote anayoipata humsomea mama yake kwa sauti, nami sitaki kumlazimisha ajifunike kitenge tena.